Gauni la kijani la Lupita: mbunifu mpya tunampimaje?

Baada ya kipindi kilichopita, kile cha magauni ya zulia jekundu, meseji zilikuja nyingi kuliko tulivyozoea. Nyingi zilikuwa "nimelipenda", au "hapana, hapana, hapana", au moto tupu wa emoji. Lakini moja ilinifanya nisimame kidogo. Msikilizaji anauliza: jumba kubwa la mitindo likipata mbunifu mpya, na gauni lake la kwanza likatokea kwenye zulia, sisi tunasema nini zaidi ya "kali"? Akaongeza kwamba kwa Kiingereza maneno anayo, ila kwa Kiswahili akishasema "limependeza" anaishiwa.

Basi leo najibu kwa maandishi, maana nikiwa kwenye maikrofoni nitaanza kupiga kelele.

Nimechagua gauni moja la zamani kidogo, kwa makusudi. Gauni la jana hatujui mwisho wake. La 2015 mwisho wake tunaujua, kwa hiyo tunaweza kulipima sawasawa: lilisema nini siku ile, na je, lilisema kweli?

Tarehe 13 Mei 2015, usiku wa ufunguzi wa tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Lupita Nyong'o anapita kwenye zulia na gauni la Gucci. Kijani cha majani mabichi, kitambaa chepesi, marinda membamba kutoka juu mpaka chini, na maua yanayometameta yametawanywa humo. Kisha anazunguka. Kama hujaiona hiyo video, itafute kabla hujaendelea kusoma, nakusubiri. Marinda yanafunguka yote, gauni linakuwa duara, yeye anacheka.

Sasa, kwa nini gauni hilo ni kesi nzuri? Kwa sababu mbunifu alikuwa bado mgeni kwenye kiti. Alessandro Michele alitangazwa kuwa mbunifu mkuu wa Gucci tarehe 21 Januari 2015. Hesabu mwenyewe: mpaka Cannes ni wiki 16. Hakuwa mgeni mle ndani, alikuwa Gucci tangu 2002, lakini nje ya jumba watu wachache sana walilijua jina lake. Aliyemtangulia, Frida Giannini, aliondoka ghafla mapema kuliko ilivyopangwa, na Michele ndiye aliyeshika nguo za wanaume za Januari ile, akizitengeneza kwa siku zipatazo tano. Onyesho lake la kwanza la wanawake lilikuwa tarehe 25 Februari, Milan. Waliolitazama waliona maua, marinda, pinde shingoni, viatu vya ngozi vyenye manyoya ndani, yaani nguo kama zimetoka sandukuni kwa bibi. Wengine walishangilia, wengine walichanganyikiwa. Gucci ya nyuma ilikuwa ya kung'aa na kubana, nguo za klabu saa saba za usiku. Huyu analeta maktaba.

Na hapa kuna bahati yetu. Lupita alishavaa Gucci kabla yake. Januari 2014, kwenye tuzo za SAG, alivaa Gucci ya Frida Giannini, gauni refu la rangi ya feruzi, vito vimekusanyika shingoni. Kwa hiyo tuna mwanamke mmoja, jumba moja, wabunifu wawili, na katikati ni miezi 16 tu. Ni nadra kupata mizani nzuri hivyo. Ukitaka kumjua mpishi mpya, mwambie apike pilau ileile aliyopika yule wa kwanza.

Weka picha mbili pamoja. La feruzi ni zuri, sitaki kulionea. Linamfanya aonekane ghali. Macho yako yanakwenda shingoni, kwenye vito, yanakaa pale. Ni gauni la kusimama. Ukilitazama kwenye picha umeshaliona lote. La kijani ukilitazama kwenye picha umeona nusu. Nusu nyingine iko kwenye mwendo. Picha mnato inalidhulumu.

Nilimwonyesha mama mdogo zote mbili. Mama mdogo alijifunzia kushona Mombasa, kwa cherehani ya miguu, na hapa Longbridge ndiye anayekunja pindo za suruali za shule na kupunguza magauni ya harusi ya nusu ya watu ninaowajua. Vitambaa anachukua Rag Market mjini, na muuzaji akimwambia hii ni hariri, anaifikicha kwa vidole kwanza, halafu anamtazama mtu usoni. Gucci kwake ni jina la mikoba ya bandia. Ndiyo sababu nilimtaka yeye.

Hakuuliza nani kashona. Aliuliza, "Anakwenda wapi, na atakaa au atasimama?"

Nikamwambia, kuna ngazi, kuna wapiga picha, halafu anaingia kutazama sinema.

"Basi atakaa saa mbili." Akaivuta simu karibu. "Marinda haya yamepigwa moto vizuri. Marinda mabaya, mwanangu, ukikaa mara moja yanafunguka, ukiinuka umekuwa mwavuli uliovunjika. Haya akiinuka yatarudi." Akatazama tena. "Na pindo. Wanaona kazi ni hizo shanga, kazi ni pindo. Kitambaa chepesi namna hii, marinda mangapi hayo, na pindo iko sawa nyuma na mbele akizunguka. Huyo fundi ana subira."

Maua je?

"Maua kayatupia tu. Kama pazia la ukumbi."

Hapo tulibishana, na bado tunabishana. Nitarudi kwenye maua. Lakini tazama alichofanya. Kwa dakika mbili ametumia marinda, pindo, kitambaa, kukaa, kuinuka. Msikilizaji wangu mpendwa, maneno unayo. Yako nyumbani, kwa mtu mwenye sentimita shingoni. Shingo, kiuno, bitana, mshono, darizi, kukata mshazari, kuchukua kipimo. Hata gauni la majaribio, lile ambalo mafundi wa Paris wanalishona kwanza kwa kitambaa rahisi kabla ya kugusa hariri, mafundi wa kwetu wangelishona kwa marekani. Ndiyo, marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Kilipata jina kwa sababu karne ya 19 kilikuwa kikishuka Unguja kutoka kwenye meli za Wamarekani. Lugha hii imekuwa ikihukumu nguo muda mrefu.

Mama mdogo alisema kitu kingine bila kujua: "huyo fundi". Mimi nilikuwa nazungumza kuhusu Michele. Yeye alikuwa anamzungumzia aliyeshika sindano. Si mtu mmoja.

Sisi wa Longbridge hili hatuhitaji kufundishwa. Herbert Austin alianzisha kampuni yake ya magari hapa mwaka 1905. Mini ya kwanza, 1959, ni ya hapa. Aprili 2005 MG Rover ikaanguka, watu wapatao 6,000 wakapoteza kazi, na pale palipokuwa na kiwanda leo kuna maduka, chuo na bustani iliyopewa jina la Austin. Lakini MG bado zinapita barabarani, nyingi tu. Jina lilinunuliwa na kampuni ya China, na magari sasa yanatengenezwa China. Nembo ileile, mikono mingine kabisa. Wazee wa mtaa wetu wakiiona MG mpya hawaulizi kama ni nzuri. Wanauliza, hii ni ya nani sasa?

Jumba la mitindo linakwenda kinyume cha MG. Mikono inabaki ileile, mafundi walewale kwenye meza zilezile, kinachobadilika ni mtu mmoja juu. Kwa hiyo mbunifu mpya akiwa na wiki 16 tu, ushonaji safi usiuandike kwenye hesabu yake. Pindo ya mama mdogo ni ya mafundi. Walikuwa wanaijua kabla hajapanda cheo. Unachotafuta kwake ni uamuzi. Kwa nini marinda na si kubana? Kwa nini aitawanye kazi ya mkono gauni zima badala ya kuikusanya shingoni kama mwaka uliopita?

Na hapo ndipo natetea maua. Maua yale ndiyo saini. Ukiyaondoa, una gauni zuri la kijani ambalo majumba matano yangeweza kulitoa. Ukiyaacha, una mtu anayesema: mimi sitafuti kukufanya uonekane ghali, natafuta kukufanya uonekane umetoka kwenye hadithi. Yalikuwa mengi kidogo? Labda. Lakini gauni la mapema la mbunifu lisilo na kitu cha kubishania lina kasoro kubwa zaidi, maana yake mtu bado anaogopa kiti. Mimi nalipa maksi nane kwa kumi. Moja nimekata kwa sababu ya mama mdogo, nataka kula kwake Jumapili.

Lakini bado kuna mtu sijamtaja ipasavyo, naye ndiye sababu ya makala hii kuwa ndefu. Aliyelivaa.

Rudi nyuma, msimu wa tuzo wa 2014, ule wa *12 Years a Slave*. Lupita, pamoja na stailisti wake Micaela Erlanger, alipita kwenye mazulia namna hii: Golden Globes, Ralph Lauren nyekundu yenye kitambaa cha mabegani kama joho. SAG, Gucci ya feruzi tuliyoitaja. BAFTA ya London, Dior ya kijani. Na tarehe 2 Machi, usiku wa Oscar, Prada ya bluu ya maji, yenye marinda, ile aliyosema rangi yake inamkumbusha Nairobi. Majumba yalikuwa yanabadilika kila wiki. Kilichokuwa hakibadiliki ni rangi iliyojaa, iliyo wazi, isiyoomba radhi juu ya ngozi nyeusi.

Kama umekulia hapa unajua kwa nini hilo lilikuwa kubwa. Si tuliambiwa? "Rangi hiyo haikufai, wewe vaa kahawia, vaa bluu ya giza." Wengine waliambiwa na wauzaji dukani, wengine na shangazi zao, tuseme ukweli. Halafu akaja mtoto wa Kijaluo aliyezaliwa Mexico akakulia Nairobi, akavaa karibu kila rangi tuliyokatazwa.

Sasa litazame tena gauni la Cannes. Kijani kilikuwa cha Lupita kabla hakijawa cha Michele. Hata marinda, alishayavaa usiku aliposhinda Oscar. Mbunifu mpya alileta maua na kuzunguka, mwanamke alileta rangi na mwili unaojua kuzunguka. Magazeti ya siku ile yaliandika "Gucci mpya". Mimi nasema nusu ya gauni lile ni la Lupita, na Gucci mpya ilikuwa na haja naye kuliko yeye alivyokuwa na haja nayo. Yeye alikuwa na Oscar nyumbani. Mbunifu alikuwa na onyesho moja ambalo watu hawajaamua walichukulieje.

Hili nalisema kwa sababu ya yaliyofuata. Mwanzoni yalikuwa mazuri. Februari 2016 Brie Larson alishinda Oscar akiwa na Gucci ya Michele, ya bluu iliyokolea, mikunjo kifuani na mkanda wa vito. Basi tukajua gauni la Cannes halikuwa bahati. Gauni la kwanza linaweza kuwa bahati. La pili na la tatu ndiyo yanayokueleza kama mtu ana mkono. Gucci ikauza, ikauza, kila mtu akavaa maua na nyuki.

Halafu Februari 2019. Utakumbuka: sweta jeusi la Gucci lenye shingo ndefu inayopanda mpaka nusu ya uso, na tundu la mdomo lililozungushwa midomo minene myekundu. Watu waliona mara moja kile ambacho kampuni nzima haikukiona, ule mchezo wa zamani wa wazungu kujipaka masizi na kutucheka. Gucci ikaliondoa sokoni na kuomba radhi. Michele aliwaandikia wafanyakazi kwamba alikuwa akimfikiria msanii Leigh Bowery, si sisi.

Wakati ule nilisoma watu wakiuliza: imekuwaje mbunifu aliyemvisha Lupita vile atoe hiki? Mimi swali hilo naliona lina jibu rahisi. Gauni lilikuwa na mtu ndani yake. Kila lilipopimwa, kulikuwa na mwanamke mweusi mbele ya kioo mwenye uwezo wa kusema "hapana, hii siivai". Sweta halikuwa na mtu. Lilipita meza kwa meza, na hakuna aliyelivaa akajitazama akasema ngoja kwanza. Gauni la 2015 halilisafishi sweta, na sweta halilichomi gauni. Ila ukiniuliza tena nusu ya sifa ya gauni iende kwa nani, sasa unajua kwa nini sibadilishi jibu.

Kuhusu muda wa kumpa mtu, nina mfano ambao Wasomali wetu wa Birmingham wanapaswa kutamba nao zaidi. Olivier Rousteing alipewa Balmain ya Paris mwaka 2011, akiwa na miaka 25. Alilelewa Bordeaux na wazazi wa kizungu, na kwenye filamu ya maisha yake, *Wonder Boy* ya 2019, tunamwona akigundua kwamba mama aliyemzaa alikuwa Msomali na baba Muethiopia. Mwanzoni walimwona mtoto, tena mtoto wa Instagram. Alikaa miaka 14, mpaka mwishoni mwa 2025. Linganisha na Gucci yenyewe: Michele alipoondoka Novemba 2022, akaja Sabato De Sarno. Onyesho la kwanza Septemba 2023, na Februari 2025 ameshaondoka. Mwaka mmoja na nusu kati ya kupigiwa makofi na kufungasha mizigo. Siku hizi kiti hakikai na joto la mtu mmoja.

Na kwa sababu hakikai, majumba hayasubiri hata onyesho. Sarah Burton wa Givenchy: onyesho lake la kwanza lilikuwa Machi 2025, lakini siku chache kabla, usiku wa Oscar, Elle Fanning alishavaa gauni lake na Timothée Chalamet suti yake ya rangi ya siagi. Matthieu Blazy wa Chanel: onyesho la kwanza Oktoba 2025, ila mwishoni mwa Agosti, kwenye tamasha la Venice, Tilda Swinton na Ayo Edebiri walishavaa kazi zake. Ayo, mtoto wa Boston, baba Mnigeria, mama wa Barbados. Mmoja wetu kwa namna fulani. Unaona tena? Mbunifu mpya, jumba la zamani, na miongoni mwa wa kwanza kulibeba jina lake mbele ya kamera ni msichana mweusi wa kizazi cha pili. Sisemi ni vibaya. Nasema nitahesabu. Nitahesabu nani anavaa wakati mbunifu anahitaji kupendwa, na nani anavaa miaka mitatu baadaye akishapendwa.

Ukitaka kufanya mazoezi mwenyewe, Chanel ndiyo kazi ya nyumbani. Lupita sasa ni balozi wao, maana yake ana mkataba, na hilo uliweke kwenye hesabu: balozi hachagui jumba, anachagua ndani ya jumba. Kwenye Oscar ya Machi 2025 alivaa Chanel nyeupe yenye lulu nyingi, wakati ambapo Chanel haikuwa na mbunifu kazini. Virginie Viard alishaondoka tangu Juni 2024, Blazy alishatangazwa lakini hajaingia. Gauni lile lilitoka kwa mafundi na timu ya ndani, halina baba. Kwa hiyo picha ya "kabla" tunayo, safi kabisa. Iweke kando ya gauni lolote la Blazy ambalo Lupita atavaa, au ameshavaa unaposoma haya, ufanye kama tulivyofanya na la feruzi na la kijani. Lulu usizipe maksi, ni za jumba. Angalia rangi: ni yake au ya kwao? Angalia kama anaweza kukaa. Halafu tuma meseji, kwa Kiswahili, na neno "limependeza" nimelipiga marufuku mpaka mwisho wa msimu.

Mama mdogo naye ameshatoa masharti yake kwa kipindi kijacho. Picha hazitaki tena. Anataka video, na anataka ya mgongoni.